Kamba ya Saa Tisa Kamili

Trrr. Sahani ya bati juu ya meza ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Namalwa alifumbua macho gizani lakini hakusogea. Usiku ule alikuwa ameiota sauti hiyo mara tatu, na mara zote tatu alipoamka simu ilikuwa imelala kimya ndani ya sahani yake.

Kama ulikuwa nasi tulipomwacha, unajua kwa nini aliogopa kunyoosha mkono. Unakikumbuka kidole chake juu ya kitufe, Alhamisi saa nane na nusu mchana. Unakumbuka alivyobonyeza, na seva kongwe, ile kompyuta kuu ya kituo cha afya cha Lamwoka, mwendo wa siku nzima kaskazini mwa Kampala, ikazimika ili iwake upya na kufuli jipya, yaani ulinzi mpya wa mlango wake wa mtandao. Haikuwaka. Saa tisa ilipita, saa kumi ikapita, ofisi ikafungwa, naye akarudi nyumbani Kyebando kwa miguu, viatu mkononi, bila kukumbuka alivivua wapi.

Kwa miaka tisa seva ile ilimpelekea salamu kila alfajiri, saa kumi na moja kamili. Mistari michache tu, kusema kwamba iko hai. Simu aliilaza kwenye sahani ya bati makusudi, ili mtetemo umwamshe yeye bila kumwamsha binti yake Vera.

Sasa sahani ilikuwa imelia.

Alinyoosha mkono. Maandishi yalisema: NIPO. JOTO LA FRIJI NYUZI KUMI NA NNE. LEO NI TAREHE 1 JANUARI 2010, SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI.

Aliposoma mara ya kwanza alitokwa na machozi ya furaha. Aliposoma mara ya pili aliyafuta. Mara ya tatu aliketi kitandani na kushika kichwa.

Elfu mbili na kumi.

Mlango uligongwa kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayebisha hospitalini. Hakuuliza ni nani. Mzee Saverio Ojera, askari mstaafu ambaye nyumba zote za pale zilimwita Afande, alikuwa amekaa kibarazani usiku kucha akisubiri sahani ya jirani yake ilie. Mkononi alikuwa na sigiri iliyokwisha kushika moto, birika juu yake. Alijua kwamba habari ikija, njema au mbaya, mama wa watu atahitaji chai.

"Mama Vera. Imelia."

"Imelia, Afande."

"Ayot iko?"

"Ayot sijui. Mashine iko."

Mzee alikaa kwenye kizingiti. Ayot, muuguzi wa Lamwoka, alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki.

Mafuriko yalibeba daraja la Lamwoka siku kumi na mbili zilizopita. Siku iliyofuata mnara wa simu ukaanguka. Ayot akabaki kwenye kituo cha afya, maji pande zote, yeye na akina mama watano waliokuwa wakingoja kujifungua. Kilichobaki kuwaunganisha na dunia ni dishi la setilaiti juu ya paa na ile seva chini yake. Kwa njia hiyo Ayot aliandika kila siku maji yamefika wapi na wamehamia chumba gani. Na kwa habari hizo boti ya uokoaji, iliyopangwa kuondoka Jumamosi, ingejua pa kwenda. Boti ilikuwa moja. Watu waliozingirwa na maji walikuwa wengi. Ingekwenda penye habari.

Na leo Ijumaa, saa sita mchana, kampuni ya setilaiti ingeifungia nje kila mashine yenye kufuli la zamani.

Namalwa alikuwa amewapigia simu kuomba wiki moja tu. Msichana aliyepokea alimwambia ukweli, kwamba hana uwezo, kwamba ni kompyuta inayofunga wala si mtu. Lakini hakukata. Alikaa kwenye simu, kimya, mpaka Namalwa alipomaliza kulia, ndipo akamwambia pole na kumtajia jina lake. Ndiyo maana Namalwa hakuweza kuwachukia.

"Basi ingia," alisema Afande. "Iko hai, ingia."

Namalwa alijaribu mbele ya macho yake. Simu ilifikiri, ikafikiri, kisha ikaleta maneno mawili: UFUNGUO UMEKATALIWA.

Alijaribu tena. Ni yale yale.

Ilikuwa kama kumsikia mtu akikohoa ndani ya nyumba ambayo umeifunga mwenyewe, na ufunguo hauingii. Mashine ilikuwa na uwezo wa kutoka kuja kusalimu. Yeye hakuwa na uwezo wa kuingia.

"Na kamba?" aliuliza mzee. "Ile kamba tulifunga?"

Hapo Namalwa aliinamisha uso akajifanya anatafuta kikombe.

Katika kazi yake ya kutunza seva za mbali kuna desturi. Anayebadilisha kufuli la nyumba akiwa mbali hufunga kamba kwanza, kama fundi anayeshuka kisimani. Anaiachia mashine agizo: nikishindwa kurudi, rudisha kufuli la zamani wewe mwenyewe. Na agizo hilo huhesabiwa kwa dakika. Nusu saa baada ya kuwaka, basi.

Alhamisi Namalwa hakuhesabu kwa dakika. Mzee Saverio alikuwa amemfuata ofisini, mikono ikimtetemeka, akiomba apewe kazi yoyote ile, hata ya kushika waya. Jeshini, alisema, hakuna anayesema baada ya nusu saa. Unataja saa, watu wote wanalinganisha saa zao, na ikifika hakuna wa kuuliza. "Weka saa tisa kamili," alimwambia, akavua saa yake ya chuma na kuiweka mezani. "Mimi nitalinda hii." Ilikuwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja mikono yake kutulia. Namalwa aliona hilo, akaandika saa tisa kamili, Alhamisi.

Ndani ya kila seva kuna kijibetri kidogo kama kitufe cha shati, kinachoiwezesha kukumbuka tarehe hata ikiwa imezimwa. Cha Lamwoka kilikuwa kimekufa kwa uzee na hakuna aliyejua, maana seva ile haikuwahi kuzimwa kabisa. Ndiyo maana Alhamisi ilizimika ikashindwa kuwaka yenyewe, na sasa ilikuwa imeamka ikiamini ni mwaka elfu mbili na kumi. Saa tisa ya Alhamisi ingeifikia baada ya karibu miaka kumi na sita.

Alimtazama mzee. Yale macho mekundu. Ile sigiri.

"Kamba ni nzima, Afande," alisema. "Mashine ndiyo imepoteza siku."

Alimimina chai.

Alipokuwa akikoroga sukari, mkono wake ulisimama.

Ukutani saa ilionyesha kumi na dakika ishirini na tano alfajiri. Salamu huja saa kumi na moja. Mbona leo sahani imelia mapema?

Alichukua kalamu akahesabu nyuma ya bahasha. Seva isiyojua tarehe huanza kuhesabu kutoka sifuri, usiku wa manane wa siku ya kwanza. Ikifikisha saa tano tangu ilipowashwa, kwake ni saa kumi na moja alfajiri, inatuma salamu. Salamu imefika saa kumi na dakika ishirini. Toa saa tano.

Seva ya Lamwoka iliwashwa jana usiku, saa tano na dakika ishirini.

Alirudia hesabu. Yeye aliizima saa nane na nusu mchana. Ikalala karibu saa tisa nzima. Kisha, usiku, bila jua kwenye sola ya paani, ikaamka.

"Afande," alisema polepole, "mashine ya zamani namna ile ikilala haijiamshi. Ina kitufe kwa mbele. Mtu lazima akibonyeze."

Mzee aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mtu iko ndani," alisema.

"Mtu yuko ndani."

"Inaweza kuwa mwizi."

"Mwizi habonyezi, Afande. Mwizi anabeba."

Mzee Saverio alicheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akafunika uso kwa kofia yake ili mwanamke asimwone. Namalwa alimwachia muda wake. Alikwenda kumfunika Vera vizuri.

Lakini furaha ya kujua kuna mtu ndani inadumu kwa muda gani, kama huna njia ya kumwambia neno? Simu za kule zilikuwa zimekatika. Mlango ulikuwa umefungwa. Namalwa alizunguka chumba kile kidogo mara nne, akagonga goti kwenye stuli, goti lile lile aliloligonga zamani kwenye printa ya Lamwoka, akaikumbuka printa.

Kule Lamwoka, pembeni ya seva, kuna printa kongwe yenye kelele ya cherehani. Kila siku saa moja asubuhi seva hutoka yenyewe, huja mpaka kwenye kompyuta ya ofisi Old Kampala, huchukua orodha ya dawa, hurudi nayo na kuipiga chapa. Hakuna anayeingia kwake. Yenyewe ndiyo inayokuja. Na saa yake, kwa kuwa imepotea, ilikuwa mbele kwa dakika arobaini. Saa moja ya seva ni saa kumi na mbili na dakika ishirini ya Kampala.

Kama angeandika ndani ya orodha ya dawa, karatasi ingetoka kule. Mtu angeiona.

Ofisi hairuhusu mtu kuifikia kompyuta yake kutoka nje. Sheria hiyo aliiweka Namalwa mwenyewe, na sasa ilimbidi aifuate kwa miguu. Alibisha kwa jirani wa chini amsikilizie Vera. Jirani alifungua akiwa amejifunga shuka, akasikia neno Lamwoka, hakuuliza la pili. Alichukua mkeka wake akaenda kulala mlangoni pa mtoto.

Bodaboda wa kwanza waliyempata alikataa kuwabeba wawili. Kisha aliutazama uso wa mzee, akasogea mbele kwenye kiti mpaka akakaribia kukalia tangi. "Panda, nyabo," alimwambia Namalwa kwa heshima. "Mzee akae katikati, asianguke."

Walipofika Old Kampala adhana ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakiteremka kutoka msikitini. Ofisi ya shirika analofanyia kazi Namalwa iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mlinzi Wandera, wa kwao Busia, alikuwa amesimama langoni na funguo tayari.

"Dada Namalwa. Leo umekuja na jeshi?"

"Na afande mmoja tu, Wandera. Nisaidie. Kompyuta ile ukiizima usiku huchukua nusu saa kuamka, na mimi sina nusu saa."

Wandera alijikuna shingo. Amri ya ofisi ni kuzima kila kitu jioni, na mwezi uliopita alikuwa ameandikiwa barua ya onyo kwa kusahau taa ya choo. Alieleza akiangalia chini kwamba jana hakuizima ile moja. Aliona dada alivyotoka, amebeba viatu. Akafikiri, labda atarudi usiku. Akaifunika kioo kwa koti lake ili mwanga usionekane kutoka barabarani.

Namalwa alimshika mkono, akapanda ngazi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Orodha ya dawa ina masharti yake. Kila mstari herufi arobaini, hakuna zaidi. Namalwa aliifuta panadoli, akafuta chumvi za kuharisha, akaandika mstari wa kwanza: ULIYEIWASHA MASHINE, ASANTE SANA.

Mzee Saverio, aliyekuwa akisoma begani kwake kwa kusogeza midomo, alisema asante hiyo inakula mstari.

"Mimi kwake sina uso wala sauti, Afande. Nina karatasi hii tu."

Mstari ukabaki.

Kisha likaja gumu. Ili mtu wa kule aguse saa ya seva, lazima apewe jina na neno la siri, lile neno kuu, ambalo Namalwa hakuwahi kumtajia mtu kwa miaka tisa. Mkurugenzi hakuwa nalo. Vera hakuwa nalo. Sasa ilimbidi aliandike kwa herufi kubwa, kwa mtu asiyemjua, kwenye karatasi ambayo ingeweza kudondoka majini ikaokotwa na yeyote. Aliandika.

Mistari miwili ya mwisho ilikuwa namna ya kurudisha tarehe: Alhamisi, saa tisa kasoro dakika moja.

"Kwa nini hiyo?" aliuliza Afande. "Leo ni Ijumaa."

Namalwa alitamani angekuwa na jibu lingine. Alimwambia kwamba kamba bado imefungwa pale pale walipoifunga, inangoja saa tisa ya Alhamisi. Wakiipeleka mashine mpaka dakika moja kabla, itavuka yenyewe, kamba itavutwa, kufuli la zamani litarudi, na yeye ataingia.

Mzee alihesabu kwa muda mrefu. Si mjinga, Saverio Ojera. Alikuwa amelinda ghala za jeshi miaka ishirini na sita.

"Kwa hiyo ni ile saa yangu," alisema. "Ungeweka dakika, ingefunguka usiku ilipowaka."

Wandera, mlangoni, aliangalia pembeni.

"Ningeweka dakika," alisema Namalwa, "ingefunguka usiku, na sisi tungekuwa tumelala. Ni saa yako itakayotufungulia asubuhi hii, Afande. Kaa hapa karibu yangu. Nihesabie."

Alivuta kiti. Mzee alikaa. Hakuivua saa yake mkononi, lakini aliigeuza uso ukaangalia chini.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, mstari mmoja ulijitokeza kwenye kioo cha ofisi: LAMWOKA IMECHUKUA ORODHA.

Wote watatu waliutazama kana kwamba ni mtu aliyeingia chumbani.

Kisha wakangoja.

Kungoja namna ile sijui nikueleze vipi. Namalwa alibisha mlango wa seva kila dakika mbili. UFUNGUO UMEKATALIWA. Aliwaza printa haina karatasi. Aliwaza utepe wa wino umekauka. UFUNGUO UMEKATALIWA. Aliwaza mtu yule amelala, au hajui kusoma, au alikuwa Ayot, na Ayot hawezi kusimama. Hakuna chochote duniani ambacho mkono wake ungeweza kufanya isipokuwa kubisha. Chini barabarani wenye maduka walianza kufungua, makufuli yao yakianguka moja baada ya jingine. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake na mlango wake mbele yake.

Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasoro robo. Wandera alileta chai ya chupa, akawagawia kwenye vifuniko.

Saa moja na dakika nane, Namalwa alibisha kwa mazoea tu, akiangalia dirishani.

Mlango ulifunguka.

Hakupiga kelele. Alimgusa mzee goti. Kwenye kioo palikuwa na ile mistari ya kawaida ya Lamwoka, aliyoizoea kama sauti ya mtu wa nyumbani, na chini yake ilani moja: betri ya sola, asilimia kumi na moja.

Na nyingine ilisema kuna mtu mmoja kwenye kibodi.

Katika mashine za zamani watu wawili walioingia wanaweza kuandikiana. Namalwa aliandika: Ayot, ni wewe?

Herufi zilikuja moja moja, kama mtu anayezitafuta kwa kidole.

hapana

Mzee alisogeza kiti karibu zaidi na kioo.

mimi joska. mama wa kujifungua. bwana yangu polisi ndio najua kiswahili

Namalwa akamuuliza yuko na nani. Joska alijibu yuko na mtoto. Mtoto wa kike, amezaliwa usiku. Alikuwa anaandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba.

Polepole, herufi kwa herufi, ikatoka habari yote. Jana uchungu ulimshika Joska akiwa kwenye chumba cha mashine, ambacho sakafu yake iko juu kuliko vyumba vingine. Giza likaingia. Taa za kituo zilikuwa zimekufa siku tatu. Mtoto alikuwa anakuja na yeye haoni hata mikono yake. Akakumbuka lile sanduku huwa na taa ya kijani kwa mbele na kioo kinachong'aa, na kitufe mahali fulani, ambacho Sista alisema Kampala wamewakataza kukigusa. Akapapasa. Akabonyeza.

nilitaka mwanga tu nimuone mtoto

Wandera alijifuta macho kwa kofia ya kazi.

Lakini mzee Saverio hakuwa akisoma tena habari za mtoto. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo, chini ya neno Sista. "Uliza," alisema.

Namalwa aliuliza. Muuguzi yuko wapi?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilikuja refu.

jana mchana mashine ilizima yenyewe. sista alingoja mpaka saa kumi na moja. akasema hawatusikii tena boti haitakuja. akachukua mtumbwi na kina mama wanne awapeleke mlimani. mimi uchungu ilikuwa imeanza akasema ngoja narudi kabla ya giza

Na baada ya pumzi moja:

hajarudi

Wandera aliweka chupa ya chai chini.

Mashine haikuzima yenyewe. Aliizima Namalwa. Na kamba, ambayo ingewafungulia mlango tangu usiku wakaomba msaada mapema, ilifungwa kwa saa ya baba yake Ayot. Wote wawili walilijua hilo kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Namalwa aliweka mikono kwenye mapaja. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko maji ya Lamwoka.

Mzee ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Huyu mama ameamka na mtoto, peke yake. Saa sita wanafunga. Fanya kazi, Mama Vera. Ayot angefanya kazi."

Akafanya kazi.

Alimwagiza Wandera apige simu kwa watu wa boti, awaambie Lamwoka kuna mama na mtoto mchanga kwenye chumba cha mashine, na mtumbwi wa watu watano haujulikani ulipo, uliondoka jana jioni kuelekea mlimani. Kisha akaingia ndani ya seva kutafuta kosa lake. Alilipata kwa dakika sita. Kufuli jipya halikubali funguo za aina ya zamani, hata ziwe za mwenye nyumba, na ufunguo wake ulichongwa miaka tisa iliyopita. Jambo dogo hivyo. Aliichongea seva ufunguo mpya, akauweka ndani, akaukagua mara tatu. Akarudisha tarehe ya kweli, Ijumaa.

"Safari hii weka dakika," alisema mzee.

Alifunga kamba kwa dakika.

Lakini kufuli jipya halishiki mpaka seva izimwe na kuwashwa tena. Na betri sasa ilikuwa asilimia saba, na Joska aliandika kwamba mbingu ya kwao ni nyeusi, mvua inarudi. Kungoja mchana jua litoke ilikuwa ni kucheza na saa sita. Kuzima sasa ilikuwa ni kumwacha mwanamke yule bila mtu, na tumaini lote juu ya kidole chake.

Namalwa alimweleza yote bila kuficha. Kioo kitakuwa cheusi. Uhesabu mpaka mia moja, kisha ubonyeze palepale ulipobonyeza usiku. Kioo kikiwaka, andika tarehe ya leo nitakayokuachia. Mimi nitakuwa nabisha huku nje. Ukiona kimya, usiingie majini. Usitoke. Tunakusikia.

mia naijua, alijibu Joska.

Asilimia sita.

Mzee Saverio alimwomba Namalwa aandike jambo moja. Kwamba babu mmoja hapa Kampala, baba yake Sista, anamsalimu mtoto. Namalwa aliandika. Kisha akatoa agizo la kuzima, na seva, kwa adabu yake ya kizamani, ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kumi. Tisa. Nane.

Chini ya namba zile, herufi za Joska zilikuwa bado zinakuja, moja moja, zikikimbizana na hesabu.

sista alisema hivyo hivyo ngoja narudi

Tano.

wewe usifanye kama yeye

Tatu.

mtoto hana jina bado. kuja tena